Tulioombea Moshi Mweusi

Siku Baba Mtakatifu alipofariki, kaka yangu alituandikia kutoka Buffalo maneno mawili tu: "Papa amekufa." Sisi Wakongo baba mzazi tunamwita papa, na papa wetu alikuwa anakaa kwa huyo huyo kaka, pale Riverside, figo zimekwisha kazi, damu yake inasafishwa kwa mashine. Dada yangu aliusoma ujumbe akiwa kazini ghalani, Louisville. Alipiga yowe, akaacha maboksi yapite yenyewe kwenye mkanda, wenzake wakamkalisha chini na kumpa maji. Mimi niliusoma Reynoldsburg, nje kidogo ya Columbus, nikimlisha uji bibi mmoja ninayemhudumia. Sikulia. Nilijua siku hiyo inakuja, nikadhani ndiyo imekuja, nikaendelea na kijiko.

Kisha simu ikalia, na aliyepiga alikuwa marehemu mwenyewe.

"Munanililia nini? Ni Papa wa Roma!" akasema, akacheka mpaka akapaliwa. "Mimi niko. Bon, niko bado kidogo."

Mume wangu ni Mtanzania wa Tanga, na kwao papa ni samaki mwenye meno. Aliponikuta jioni nimeduwaa jikoni, nikamweleza, akauliza kama ni papa wa nchi kavu au wa baharini. Nilimnunia hadi kesho yake.

Baba alikuwa katekista maisha yake yote, kule Kivu, kisha kwenye kambi ya wakimbizi, kisha huku Buffalo, ambako aliwafundisha watoto sala kwa Kiswahili nao wakamjibu kwa Kiingereza. Akishasema jambo, limesemwa. Jumapili iliyofuata alituweka sote kwenye simu, akatangaza kwa sauti ile ile ya matangazo ya baada ya misa.

"Nashachoka na ile mashini. Nitaendelea nayo mpaka Kanisa ipate Papa mupya, sababu sipendi kufa Kanisa iko yatima. Kiisha, basi. Musinisumbue."

Mimi nafanya kazi na wazee. Najua kinachomfuata mtu wa figo akiiacha mashine, na najua hakikawii. Dada alilia. Nikamtisha baba kwa dhambi ya kujiua. Akaniambia kukataa mashine si kujiua, nikamuulize padri. Nikamuuliza. Mzee alikuwa sahihi, na hilo liliniudhi kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi ikabaki njia moja tu, makardinali wachelewe kumchagua Papa. Nilichukua likizo, nikaendesha gari hadi Buffalo, nikakuta baba amekonda hata kanzu yake ya ukatekista ingemtosha mara mbili. Lakini jambo la uchaguzi lilimpa nguvu. Nilimwonyesha wagombea kwenye simu, picha moja baada ya nyingine, naye akawachambua kama mama mkwe anayetafutiwa mkaza mwana.

"Huyu hapana. Iko na sura ya mutu mwenye anakulaka peke yake."

"Na huyu?"

"Huyu anacheka sana. Donc, iko na kitu anaficha."

Mmoja alikataliwa kwa sababu ya miwani, mwingine kwa sababu alionekana hajawahi kukosa umeme. Kulikuwa na Mwafrika ambaye nilimpigia kampeni kwa bidii, baba akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, weye unamutaka sababu unajua hatapita."

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi na dada tulikuwa tunawaunga mkono wale tu wasioweza kushinda, mgumu huyu, mgomvi yule, tukiomba wote wapate kura sawa na mambo yakwame. Dada aliwasha mshumaa parokiani kwake Louisville, akamwomba Mama Maria awachonganishe makardinali. Sidhani kama Mbinguni waliwahi kupelekewa ombi la namna hiyo. Na moshi wa kwanza wa kura ulipotoka mweusi, yaani Papa hajapatikana, tulipiga vigelegele kwenye simu kama watu waliopata mjukuu. Baba akatikisa kichwa, akasema amelea wapagani.

Siku iliyofuata moshi ukatoka mweupe. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai yake, nikasimama hapo hapo mbele ya televisheni, nikawachukia wale watu wote waliokuwa wanarukaruka uwanjani. Kengele zikalia Roma. Dada akapiga simu, nikasikia tu anavyopumua. Baba alijaribu kusimama, akashindwa, akafanya ishara ya msalaba akiwa kitini.

Aliyetoka kwenye roshani hakuwa hata mmoja wa wagombea wetu. Alikuwa Mmarekani.

"Mumarekani?" Baba alicheka kwa kifua kizima. "Bon! Banatupatia nyumba, banatupatia baridi, sasa banatupatia na Papa!" Alipokea baraka macho yamefumbwa, uso wake umetulia kabisa. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kiasi kile, na sijawahi kukosa tumaini kiasi kile.

Kisha akaniomba niizime televisheni na nipige simu kliniki. Alikuwa anatarajiwa kwenye mashine mchana ule. Kaka akatoka nje, akasimama kwenye ngazi. Nilisema tungoje kwanza.

"Piga," akasema. "Ni weye unajua Kingereza muzuri."

Nikapiga. Nesi akauliza kwa nini mzee haji. Nikamgeukia baba.

"Mwambie nimechoka."

Nikasema hivyo, kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza neno hilo likawa dogo mno, neno la mtu aliyetoka zamu ya usiku. Nesi alikuwa na roho nzuri. Akasema hakuna shida, mwambie mzee apumzike leo, atamtafutia nafasi nyingine.

"Anasema nini?" Baba akauliza.

"Anasema upumzike, papa."

Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyepewa ruhusa ya kwenda. "Mwambie asante. Mwambie asante sana."

Nikamwambia. Nesi akasema karibu, tutaonana kesho asubuhi.