Kimya Walichokiita Ndiyo

Siku ile naikumbuka kwa hasira, mwanangu, na usishangae sauti yangu ikipanda njiani, maana hasira yenyewe haijapoa mpaka leo. Ilikuwa siku ya harusi ya dada yangu Rahma, nyumbani kwetu Malindi, Mji Mkongwe. Mimi nilikuwa msichana ambaye ndiyo kwanza ameanza kuruhusiwa kukaa na wakubwa.

Baba yetu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo walii wetu, mwenye haki ya kutuoza, alikuwa Ami, ndugu yake baba. Rahma alikuwa amependana na Haji, mwalimu wa skuli, mtu wa Makunduchi. Haji alikuja kuposa na wazee wake kwa adabu zote. Ami akawakaribisha chai, akawachekea vizuri, na walipotoka mlangoni akacheka hasa, mpaka akakohoa. "Mwalimu! Atamlisha chaki?" Haukupita muda akaja mwenye duka la vitambaa pale Darajani, mtu mzima wa rika la Ami mwenyewe, na huyo hakuchekwa. Huyo alimwahidi Ami mlango mmoja wa duka, uwe wake wa kufanyia biashara.

Basi niambie, mwanangu, hapo aliyekuwa anaolewa ni nani? Rahma au Ami?

Usije ukadhani dada yangu alikubali kimyakimya tangu mwanzo. Alimfuata Ami uwani, nikamsikia kwa masikio yangu. "Ami, miye simtaki. Nnamtaka Haji." Ami wala hakugeuza shingo. "Wasichana wote husema hivyo. Utazoea." Mama naye akasema atazoea. Somo yake, yule mama aliyewekwa kumfunda mambo ya ndoa, akasema atazoea. Nyumba nzima ilijaa neno hilo. Atazoea! Mtu huzoea kiatu kinachombana? Huota sugu tu, na siku akikivua ndipo watu wanapoona vidole vilivyopinda.

Desturi yetu unaijua. Wanaume wakiwa msikitini, kabla ndoa haijafungwa, walii huja nyumbani na mashahidi kumuuliza bi harusi kama ameridhia. Msichana asiyewahi kuolewa halazimiki kujibu. Haya zimemshika, na kimya chake huhesabiwa ndiyo. Ni desturi ya huruma, imewekwa kumsitiri mwenye haya. Lakini mtu akiingiwa na tamaa, hata huruma huigeuza mtego. Somo alikwishamwonya Rahma tangu asubuhi: bi harusi anayetoa sauti hana adabu, na mama yake hataweza tena kuuonesha uso wake mtaani.

Basi Ami akaja na mashahidi wake wawili. Chumba kilikuwa kimefukizwa udi, Rahma amekaa kitandani, amefunikwa, mikono yake ya hina iko mapajani. Mimi nimekaa ubavuni kwake. Ami akasimama mlangoni, akamtaja mume na mahari, akauliza, "Rahma, umeridhia?"

Kimya. Alikuwa anatetemeka hata asumini za kichwani zikawa zinaangukia mtandio wake. Ami aliona. Mashahidi waliona. Sote tuliona!

"Kanyamaza," Ami akasema. "Twendeni." Wanawake wakaanza kuvuta pumzi za vigelegele.

"Simama hapo hapo."

Aliyesema ni Bibi, mama yake mzazi Ami, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka pembeni. Bibi hakuwa mtu wa maneno. Unaweza kushinda naye kutwa asiseme ila kuagiza tambuu yake ya kutafuna.

"Mama, watu wanansubiri msikitini."

"Wasubiri. Miye nimesubiri umri wangu wote kulisema hili." Hakuinuka, hakupandisha sauti. "Siku waliyokuja kuniuliza miye, nilikaa kama alivyokaa huyu. Baba yako alikuwa na mashamba ya karafuu, na baba yangu aliyapenda mashamba. Nikanyamaza. Wewe na marehemu nduguyo nimekuzaeni, nimekuleeni, mkadhani mama yenu aliridhia. Sikuridhia. Sijaridhia mpaka leo, na baba yako yuko kaburini. Sasa muulize tena mwana wa nduguyo, na umwambie kuwa kujibu si utovu wa adabu."

Nilimwona Ami akimtazama mama yake kama mtu aliyeambiwa kuwa nyumba aliyokulia haikuwa yake. Mashahidi waliangalia sakafu. Akauliza tena, na safari hii akangoja jibu.

"Sijaridhia, Ami," Rahma akasema. Wala hakulia.

Biriani ililiwa na majirani, tena kwa mazungumzo matamu, maana watu walipata la kusema. Bwana wa vitambaa alirejeshewa vitu vyake vyote. Ami alitununia muda mrefu, lakini Haji alipokuja tena na wazee wake, yeye ndiye aliyemwozesha, na hakucheka. Sikudanganyi kwamba huko Makunduchi dada yangu alikuta pepo. Mshahara wa mwalimu ulichelewa, Rahma akakaanga maandazi ya kuuza, na waligombana kama watu wote. Ila hata siku moja sikumsikia akimtaja mumewe kwa sauti ile ambayo Bibi alimtajia babu yetu.

Kwa nini nakwambia haya leo? Kwa sababu juzi nilikwenda kwa jirani yangu hapa Kiembe Samaki. Binti yake anasoma chuo, Tunguu, na wamempatia mchumba. Mama mtu akaniambia huku ananimiminia kahawa, "Bi Zuwena, analialia bado, lakini mwanamme ana gari na majumba. Atazoea." Niliweka kikombe chini, nikamwambia nilichomwambia, nikatoka. Miaka yote hii, na neno ni lile lile!

Sikatai pesa, mwanangu. Haji angekuwa nazo tungeshangilia. Ninachokikataa ni mzazi kupata duka kwa kumtoa mtoto. Na wewe msichana usiyelazimishwa na mtu, unayeitazama simu ya mwanamme kabla hujautazama uso wake, usidhani nimekusahau. Wewe unajifanyia mwenyewe alichotaka kufanya Ami, na huna hata wa kumlaumu.

Nasaha yangu ni hii. Kama humtaki mtu, sema. Sema siku ya posa, sema uwani, na wasipokusikia, sema mbele ya mashahidi. Maneno ya mtaa huisha watu wakipata jingine la kusema, lakini ndoa utalala nayo na kuamka nayo. Na nyinyi wazazi, mkimuuliza binti, msubiri jibu. Mtazameni mikono na macho, msihesabu woga kuwa ridhaa kwa kuwa jibu hilo linakufaeni.

Mungu akujaalie mwenza ambaye ukiulizwa habari zake utajibu kabla swali halijaisha. Na akupe uzee mwepesi, mwanangu, usiwe na neno la kuwaambia wanao ambalo umelibeba kifuani umri mzima. Amin.