Debe la Mvuke na Mtungi Uliolala

Pombe ya mama yangu ilipoharibika kwa mara ya pili, hakuna aliyeulaumu mtama. Lawama ziliruka ua wa minyaa zikatua nyumba ya pili, kwa mke wa kaka yake baba, ambaye mimi nilimwita mama mkubwa. Ndiye aliyekuwa ameazima kata yetu ya kuchotea, na ndiye aliyeirudisha ikiwa imeoshwa. Mama alilishikilia neno hilo. Mtu anayerudisha kata ikiwa safi kuliko alivyoichukua, alisema, ana jambo alilotaka kulifuta.

Miaka ile, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, katika vijiji vya upande wa Segese shamba kubwa halikulimwa na mtu mmoja. Mwenye shamba aliita kikundi cha vijana, wakaja na ngoma na majembe, na ujira wao ulikuwa pombe. Vijana walikuwa wameonja yetu wakatema, wakaondoka majembe mabegani, na magugu yakabaki yamesimama. Sasa kiongozi wao, ambaye kwetu huitwa nsumba ntale, alikuwa ametuma ujumbe kwamba watakuja tena mara moja tu. Pombe ikiwa mbaya, wasingekanyaga ua wetu kamwe. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba chakula cha mwaka ule kilikuwa ndani ya mtungi.

Baba alirudi likizo kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, alikokuwa akichemsha maji katika zahanati ya wachimbaji. Alisikiliza shutuma zote, kisha akasema, "Si mtu. Ni uchafu usioonekana. Kule mgodini hata visu vya kutibia vidonda hupikwa kwanza."

"Uchafu huo una miguu," mama akajibu. "Unajua njia ya kuja hapa."

Baba alichukua madebe mawili ya mafuta ya taa, akayasugua kwa majivu na mchanga mpaka harufu ikatoka. La kwanza alilijaza maji, akalifunika, akaziba kingo kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na majani makavu. Kutoka kwenye kifuniko alipitisha kipande cha bomba alichokiokota machimboni hadi katika debe la pili, ambamo alikuwa amepanga vijiti kama uchaga. Juu ya uchaga aliweka kata, vibuyu na chujio la ukili. Moto ulipokolea, mvuke ulipita kwa mluzi mwembamba, na vyombo vikatoka jasho.

Mama mkubwa alikuja kutazama, akasimama mbali kidogo.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama. "Watu wanasema mumeo amerudi na dhahabu. Kumbe amerudi na debe linalopiga mluzi."

"Mwangaluka. Linaita wenye mikono michafu," mama akasema.

"Basi litachoka kuita, maana sisi ni wengi."

Baba aliinama kwenye moto kuficha uso wake. Sikujua kama alikuwa akicheka.

Kazi ilipomnogea, baba aliupindua mtungi mkubwa wenyewe juu ya bomba, akauacha mpaka ukawa moto kiasi cha kutogusika. Ulipopoa, mama alipika uji wa mtama, akautia humo, akaongeza kimea. Kwa kawaida ungeanza kuvuma siku inayofuata. Safari hii haukuvuma. Nilitega sikio ubavuni mwake, nikasikia kimya tu.

Mama alitoka na kuutazama ule ua kwa muda mrefu. Kisha akarudi, akaingiza kidole ndani ya shingo ya mtungi, juu ya uji, akakipitisha kwenye ukuta wake. Nikaona uso wake ukibadilika. Wanawake wa kwetu hawakuwahi kusugua mtungi wa pombe. Waliusuuza kwa maji kidogo tu, na mashapo ya zamani yakabaki yameshika kutani, yakiamsha pombe mpya. Chuoni, miaka mingi baadaye, nilijifunza kwamba hamira ni kitu hai. Siku ile nilichoona ni mama akimwambia baba, bila ukali, "Umeua na kilichokuwa chetu."

Nyumba pekee iliyokuwa na mashapo mabichi ilikuwa ile ya pili.

Alinishika mkono, tukaenda. Mama mkubwa alisikiliza ombi mpaka mwisho.

"Unataka mashapo ya mchawi?"

"Nataka mashapo."

"Vijana wakiumwa matumbo, nitakuwa mimi. Pombe ikiwa tamu, litakuwa debe." Akafikiri. "Chota mwenyewe, kwa kibuyu chako. Mimi sigusi kitu."

"Onja kwanza," mama akasema.

Kwetu anayetoa kinywaji hukinywa kwanza, kuonyesha hakina sumu, lakini hakuna anayemkumbusha mwenzake kwa mdomo. Mama mkubwa alichovya kidole, akalamba, akameza taratibu huku akimtazama mama machoni. "Na wewe," akasema. Mama naye akalamba.

Kabla jua halijazama mtungi ulikuwa ukivuma.

Vijana walipofika, nsumba ntale alisimama mbele ya mtungi bila kukaa. Mama alikunywa kwanza, kama ilivyompasa. Kisha, badala ya kumpa kiongozi huyo, alimwita mama mkubwa kutoka miongoni mwa wanawake, akamkabidhi kinywaji mbele ya watu wote. Yule akanywa hadi chini. Nilikuwa karibu, nikaona kwamba mama hakuwa akitazama vijana wala shamba, alikuwa akitazama koo la mama mkubwa likipanda na kushuka.

Nsumba ntale akaonja, akaonja tena. "Tukalime," akasema.

Shamba lilimalizika siku ile. Pombe yetu haikuharibika tena, na kila mmoja alijua sababu: baba alisema ni mvuke, mama mkubwa alisema ni mashapo yake. Mama alianza kuhifadhi mashapo yake mwenyewe, ndani ya chumba cha kulala, juu ya dari, na hata mimi, mwanawe, sikuwahi kuruhusiwa kuyashusha.