Mtungi wa Kitambaa Chekundu

Asubuhi ya leo jirani yangu hapa Riruta Satellite aliwasha gari lake, na kabla sijafungua dirisha nilijua ni dizeli ambayo haijaungua. Harufu yake haina mfano. Inaingia puani, inashika koo, halafu macho yanaanza kuwasha kama mtu aliyekata kitunguu. Nilipotoka na kikombe changu cha chai, moshi mweupe ulikuwa umejaa uwanja, nguo kwenye kamba hazionekani, na wanaume wa ploti walishazunguka gari, kila mmoja na ugonjwa wake. Huyu anasema gasketi imeungua. Yule anasema injini imekwisha, uza tu. Mimi nikauliza: "Mafuta uliweka na mtungi?" Wakanitazama kama mtu aliyeingia kanisa lisilo lake. Basi nikarudi ndani, nikaketi, na chai ikapoa mikononi kwa sababu mawazo yalikuwa yamenirudisha Kibera.

Sisi tulikaa upande ule unaopakana na mtaa wa Ayany. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, ya samawati pale ambapo rangi ilikuwa imebaki, na kazi yake ilikuwa kuhamisha watu. Mtu akitoka chumba cha Kibera kwenda Kawangware, au akitoka Kawangware kurudi Kibera, na kuna waliohama hivyo mpaka ukashangaa wanatafuta nini, aliyebeba vitanda na sufuria zao ni Baba. Geji ya mafuta ilikufa kabla mimi sijazaliwa. Kwa hivyo Baba aliweka mtungi wa dizeli ya akiba nyumbani, kwenye kijia, kando ya mitungi yetu ya maji. Yote ilikuwa ya plastiki ya manjano, yote sawa. Wa dizeli ulijulikana kwa kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mkono wake, na hata mtoto anayetambaa alijua kitambaa hicho maana yake usiguse.

Halafu Susu akaja. Susu ni nyanya yangu, mama yake Mama, kutoka Kitui. Jicho lake moja lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa njiani kwenda huko huko. Mama alikuwa amembembeleza muda mrefu sana aje apasuliwe, naye kila mara alikuwa na sababu: mbuzi, mvua, mazishi ya jirani. Ukweli ni kwamba hakutaka kuwa mzigo kwa mtu. Safari hii alikubali, na hospitali ya macho ikampa siku, Alhamisi.

Sasa hapa niwaeleze jambo moja. Mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake. Kwa kina Mama ni hivyo, na kwa kina Baba, Wajaluo wa upande wa ziwa, ni hivyo hivyo. Mambo mengine walibishana mpaka basi, kuanzia ugali uwe wa unga gani hadi mimi niitwe Akinyi au Mwende, lakini kwa hili hapakuwa na maneno. Na nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na pazia! Baba akachukua blanketi, akaenda kulala kwenye pikapu huko Ayany alikokuwa akiiegesha, magoti yamegusa usukani. Chakula alikuja kukichukua mlangoni. Wakitaka kuambiana kitu, walikipitisha kwangu. "Mwende, mwambie baba yako nimeshukuru kwa samaki." "Mwende, mwambie susu yako karibu." Mmoja yuko nyuma ya pazia, mwingine mlangoni, wanasikiana vizuri kabisa, na mimi nimesimama katikati narudia kila neno.

Susu hakujua kukaa bure. Haoni vizuri, lakini mikono yake iliona. Aliosha sufuria mpaka zikabadilika rangi, akakwangua kuta, akapanga upya nguo za Mama na kumuudhi. Jumamosi nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta ameosha mitungi yote iliyokuwa mitupu, imepangwa inang'aa. "Mmoja ulikuwa umeoza kabisa," akaniambia kwa majivuno. "Nimeutia mchanga, sabuni na maji moto. Umepona." Na kwao mtungi hauachwi mkavu hata siku moja. Ni nchi ya ukame, lazima chini yabaki maji kidogo, hata ya mgeni kunawa mikono. Sikuwaza lolote. Nilikuwa mtoto na kulikuwa na mandazi.

Jumatatu alfajiri Baba akapitia mtungi wake, akaenda kuujaza, akamimina kwenye tenki. Siku hiyo pikapu ikaanza kutetemeka na kutoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi. Kila aliyepita Ayany alikuwa daktari. Wengi walisema gasketi: maji yanaingia kwenye silinda, hedi, kile kichwa cha injini, lazima ifunguliwe. Na ikifunguliwa, kazi ya Baba ilale, nani ajue mpaka lini.

Habari hizo zikafika nyuma ya pazia. Susu akakunja leso zake, akaziweka kwenye kiondo, akamwambia Mama, "Tangu nije gari linaumwa. Nimewaletea mkosi. Kesho nipelekeni kwa basi nirudi kwangu." Mama akamwambia hapana, jicho. Susu akasema jicho litangoja. Halingengoja, jamani, hata mimi nilijua. Angechelewa tu, giza lingemfunika mchana kweupe. Mama alilia juu ya sufuria ya githeri, nami nikalia kwa sababu Mama analia.

Shule zilikuwa zimefungwa, basi asubuhi iliyofuata Baba akanichukua twende naye Kawangware kwa fundi. Tuliingia na wingu letu. Fundi aliitwa Wafula, mtu wa kofia ya sufu hata jua likiwaka, na uwanja wake ulikuwa nyuma ya maseremala. Hakushika spana. Alimwambia Baba aache injini ikinguruma, akaenda nyuma, akainama, akanusa. Halafu akaniita.

"Mwende, kuja unuse. Inachoma macho, ama ni kama mvuke ya sufuria?"

Nikanusa, machozi yakanitoka. "Inachoma!"

"Poa. Ingekuwa ni maji ya rejeta, ungesikia mvuke tu. Hii ni dizeli inatoka bila kuungua."

Akangoja injini ipate moto, maana kuna moshi mweupe wa baridi ya asubuhi ambao huisha wenyewe. Huu haukuisha. Akazima, akangoja ipoe, akafungua rejeta: maji yamejaa hadi shingoni. Akawasha tena mfuniko ukiwa wazi, tukachungulia sote kama kuna mapovu yanayopanda. Hakuna. Baba akaketi juu ya tairi kuukuu, akapumua kama mtu aliyetua gunia.

"Kwa hivyo hedi haifunguliwi?"

"Hedi wachana nayo, buda. Wacha niangalie unakunywesha hii gari nini."

Chini ya filta ya dizeli kuna skrubu ndogo. Wafula akailegeza, akakinga na chupa tupu ya soda, akaiweka chupa juu ya boneti. Tukaitazama. Taratibu vitu vikajitenga: dizeli juu, rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, maji chini, na katikati utando mweupe wa povu. Wafula akachovya kijiti, akasugua kwenye vidole, vikateleza.

"Hii maji iko na sabuni! Nani amefua nguo kwa tenki yako?"

Maseremala waliacha randa zao wakaja kucheka. Baba hakucheka. Aliitazama ile chupa, na nikamwona anaelewa. Mama hakugusa mtungi ule, mimi sikugusa, na mitungi nyumbani ilikuwa inang'aa. Nami nikaelewa, nikafungua mdomo: "Baba, si ni Su..."

"Mwende," akasema, "nenda pale kibandani uniletee maji ya kunywa."

Sikuwa nimefika mbali. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia, "Ni mimi. Niliosha mtungi nikasahau kuukausha."

Wacha wee! Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Dereva wa miaka yote hiyo, anatia maji ya sabuni kwenye dizeli! Hapo hapo wakambatiza Dobi. Wafula akamwaga tenki yote, akasafisha filta, akapampu mpaka hewa ikatoka kwenye mabomba. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe wa mwisho, kisha ikatulia na nyuma pakawa safi.

Mimi nilikuwa nimenuna. Majuzi tu Baba alikuwa amenichapa kwa kudanganya kwamba sikula sukari. Tukiwa njiani nikashindwa kuvumilia. "Baba, umedanganya watu."

"Ndiyo," akasema, macho barabarani. "Na tukifika nyumbani wewe utanyamaza." Nilimchukia mpaka Kibera.

Tulipofika, alisimama mlangoni akampazia Mama sauti, ingawa Mama alikuwa hapo karibu tu. "Mama Mwende, gari limepona! Ulikuwa ujinga wangu. Nilitia maji kwenye mafuta mwenyewe. Mkosi hakuna."

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya Susu: "Mwende, mwambie baba yako asijali. Wanaume hawawezi kazi ya mitungi."

Na mimi nikatakiwa kurudia! Nilirudia, nimefura kama andazi. Baba akaitika kwa adabu, na nikasikia nyuma ya pazia leso zikitolewa kwenye kiondo, moja moja.

Alhamisi Susu akapelekwa hospitali kwa pikapu ya Baba, Mama ameketi katikati yao kama ukuta, Susu amejifunika leso usoni, mimi mapajani mwa Mama. Alipofunguliwa bandeji baadaye, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba Mama amezeeka. Akarudi nyumbani akitazama kila kitu kana kwamba tumemnunulia yeye: kibatari, kalenda, mwanya wangu wa meno.

Siku moja, akiwa ameketi nje kwenye kigoda, aliniita. "Hiki kitambaa chekundu kilikuwa hapa siku zote?"

"Ndiyo, Susu. Ni mtungi wa dizeli ya Baba."

Akaufungua mfuniko, akanusa, akaurudisha. Halafu akainuka, akaupindua ule mtungi mtupu juu ya mawe, juani, akaketi kando yake alasiri nzima, akiugeuza huku na huku kama anayelinda mahindi yasiliwe na kuku.

Jioni Baba alipokuja kuchukua chakula, sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Mwende, mwambie baba yako mtungi wake nimeuanika. Umekauka kabisa."

Nikamwambia. Baba alivua kofia, pale mlangoni, ambapo hakuna aliyemwona ila mimi. "Mwambie susu yako," akaanza, akakohoa. "Mwambie asante sana, mama."

Mimi nilishangaa: yote haya kwa ajili ya mtungi? Nilikuwa nimepeleka maneno mengi kati ya wale wawili, na hayo ndiyo makubwa kuliko yote, nami niliyapeleka kama habari za chumvi. Ilinichukua mpaka nilipoolewa, nikawa na wakwe wangu wa kuwastahi, kuelewa kwamba siku ile Susu aliomba radhi na Baba akamsamehe, na kwamba hapakuwa na njia nyingine duniani ya wao kuyasema.

Susu alirudi Kitui akiona njia mwenyewe. Baba aliendelea kuhamisha watu mpaka mgongo ukamshinda, na Kawangware hawakusahau. Hata vijana waliozaliwa baadaye, wasiojua jina lilitoka wapi, walimpungia mkono, "Dobi! Niaje Dobi!" Na kila walipomwita hivyo, aliitika.