Msiba Wangu Kwenye Ukurasa wa Lusu

Mtani wangu aliniua Jumatatu asubuhi, mimi nikiwa kwenye foleni ya zahanati ya Chemchem nasubiri majibu ya malaria. Kuuawa na mtani si habari. Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na utani wetu ni wa tangu babu zangu walipobeba mizigo kwa miguu hadi pwani kwao. Watani wa namna yetu huweza hata kuingia kaburini na kuzuia mazishi, na wafiwa wakacheka. Tatizo ni kwamba safari hii aliniua mbele ya watu wasiojua kwamba ni utani.

Tulikuwa watatu, yeye akiwemo, katika chumba cha kupanga Ng'ambo, mjini Tabora, tukiendesha kurasa za watu mtandaoni: duka la asali, mpambaji wa maharusi, kwaya moja, na umoja wa watu wa Lusu, kijijini kwetu Nzega, ambao ukurasa wao kazi yake kubwa ni kutangaza misiba. Tulikuwa pia na ukurasa wetu wenyewe wa utani. Zote zilikaa kwenye simu moja ya ofisi, kwa neno la siri moja, na kuhama kutoka ukurasa huu kwenda ule ni kugusa tu kona ya kioo. Nilishasema kwamba hiyo ni hatari. Nikaambiwa nina woga wa kizee.

Siku hiyo, kwa kuwa nilichelewa kazini, mtani aliweka picha yangu niliyovaa suti, pembeni mshumaa, na maneno: "Ametutoka asubuhi ya leo." Kichekesho chenyewe kilikuwa kwenye picha ya pili, iliyosema marehemu amekufa kwa usingizi na kitanda chake bado kina hali mbaya. Alidhani yuko kwenye ukurasa wa utani, kumbe yuko kwenye ule wa Lusu. Watu hawakufika picha ya pili. Walichukua ile ya kwanza wakaisambaza.

Alinipigia akilia. "Mtani, nimekosea ukurasa. Na siwezi kufuta."

Kwa kiwewe alikuwa ametoka kwenye akaunti, akajaribu kuingia upya, akakosea neno la siri mara kadhaa. Sasa mtandao ulidai namba inayotumwa kwa meseji kwenye laini ya mwenzetu wa tatu, naye alikuwa porini upande wa Sikonge akipiga picha za mizinga ya nyuki. Simu yake haipatikani.

Nilikata bila kumjibu, kwa sababu nilikuwa nimeshamfikiria mama. Mama ana presha, na daktari wa Nzega aliwahi kunivuta pembeni akaniambia mama huyu asipewe habari za ghafla. Simu yake ni kitochi. Mtandao haujui, ila majirani zake wanaujua kunishinda mimi ninayekula kwa huo mtandao.

Kitochi hakikupatikana. Nikampigia jirani yetu.

"Pole sana, ndugu," akasema. "Wewe ni nani wa marehemu?"

"Baba mdogo, shikamoo. Ni mimi mwenyewe."

Akakata simu. Baadaye aliniambia alidhani ni mwizi aliyeiba simu ya maiti.

Siku hizi kila ukurasa una mtu wake na simu yake, tangazo halitoki kabla ya mtu wa pili kulisoma, na namba za uthibitisho zinakuja kwenye laini isiyotoka ofisini. Ukurasa wa utani tuliufunga. Lakini hekima hiyo yote ilikuja baadaye. Siku ile nilikodi gari la kunifikisha Nzega mjini, majibu ya malaria nikayaacha huko huko, na njia nzima hadi Nzega niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Meseji za kuniombea pumziko la milele ziliingia moja baada ya nyingine. Sikuziogopa hizo. Niliogopa isije ikapigwa simu kutoka nyumbani, nikaambiwa mama anaumwa kidogo, kwa sababu kwetu habari ya kifo haitolewi wazi. Unaambiwa mtu wako anaumwa, twende ukamwone, na kila mtu mzima anajua maana yake.

Nilipoteremka stendi ya Nzega kutafuta bodaboda ya kwenda Lusu, nilimwona mama. Alikuwa amekaa kwenye benchi na shangazi yangu, wakisubiri basi la Tabora. Alikuwa ameambiwa naumwa.

Shangazi aliponiona alikaa chini, palepale kwenye vumbi. Mama hakuinuka. Alinishika uso, halafu masikio, halafu shingo, kama anayempima mtoto homa. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Umemeza dawa leo?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. Nikafungua mfuko wake kutafuta vidonge. Vilikuwa chini kabisa, na ili nivifikie ilinibidi kwanza nitoe shuka jeupe, jipya, lenye alama za kukunjwa muda mrefu.

"Hilo nilijiwekea mimi," mama akasema. "Nikaona umenitangulia, basi uvikwe wewe."

Nilimpa vidonge na maji. Alimeza, akalichukua shuka lake, akalipakata hadi tulipofika nyumbani.