Nilivyoubusu Mkono wa Mama Ukumbini

Nakiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Mdogo wangu Salma alianza kwa kuchora picha za vitabu vya watoto. Mama alipofariki mwaka jana, akaanza kutunga mashairi, kisha akaingia kwenye rangi za mafuta. Picha ya Mama peke yake ilimchukua miezi saba.

Ijumaa aliitundika kwenye maonyesho yake ukumbini hapa Malindi, shairi lake chini. Nilitangulia kufika kabla ya wageni. Wallahi, alikuwa Mama mwenyewe, kaunyoosha mkono wenye hina, hata kovu la mbuzi ya nazi lipo kidoleni. Nikasema, "Shikamoo Mama," nikainama, nikaubusu mkono ule kama nilivyozoea kila asubuhi.

Wageni walipojaa, Salma akalia kwa sauti, "Nani kauharibu mkono? Rangi ilikuwa haijakauka!"

Mimi, bila kufikiri, nikawa wa kwanza kufoka. "Mtu hana adabu huyo! Miezi saba ya kazi!"

Salma akanigeukia, akanitazama usoni.

"Kaka Omari," akasema polepole, "na hiyo hina mdomoni, umepaka lini?"