Makopo Saba Yaliyotazama Barabara

Juzi nilirudi Likasi kwa ajili ya kiwanja cha marehemu kambo, nyanya yangu, nikamkuta kijana wa mpangaji ameegemeza simu ukutani, inatazama barabara. Nikamwuliza anamlinda nani.

"Apana, mama. Inakamata saa muzima, kisha miye naipitisha mbiombio." Akanionyesha: mawingu yanakimbia, vivuli vinatambaa ukutani kama mijusi. Alidhani nimeshangaa. Sikushangaa, rafiki yangu. Niliogopa. Kitu hicho nilikiona kwanza nikiwa msichana wa kutembeza vitumbua, miaka ambayo hata simu ya waya ilikuwa ya wakubwa tu.

Nchi iliitwa Zaire wakati ule, jimbo letu Shaba, na king'ora cha kampuni ya mgodi ndicho kilichotuambia tuamke, tule, tulale. Moshi wa kiwanda ulikwaruza koo na kuzipa bukari na sombe za kambo, yaani ugali na kisamvu, ladha ya msumari. Kambo akikaanga, mimi nauza. Nilijua kupatana bei kabla sijajua kusoma, na kila nilichopewa nilikihesabu mara mbili, hata salamu.

Yaya, yaani kaka yangu mkubwa, alisoma shule ya ufundi na hakuacha kitu kitupwe. Alichukua makopo ya maziwa ya unga, akayapaka masizi ndani, akatoboa kila moja kwa sindano, akaingiza karatasi ya picha. Karatasi, na dawa ya kuoshea picha, nilizipata mimi. Mwenye studio karibu na soko alikuwa na boksi lililoharibika kwa kukaa, naye alipenda vitumbua vya moto. Tulivutana hata akachoka yeye kwanza. Yaya akayapanga makopo saba dirishani, moja juu ya jingine. Mbele yake aliweka pipa la maji linalovuja, ndani yake gogo linaelea, na juu ya gogo amesimamisha ubao wenye tobo moja. Maji yakipungua, ubao unashuka, na kila kopo linapata zamu yake ya kutazama nje.

"Weye unamwanga mayi yangu ju ya kuangalia barabara?" kambo alifoka. "Hauna macho?"

Picha zilitoka kinyume, mbingu nyeusi tii, na karatasi za kuzigeuza hatukuwa nazo. Lakini ukizishika pamoja na kuziachia kwa kidole gumba, kivuli cha nyumba ya jirani kilitembea. Watu ndio hawakuwemo. Barabara ile yenye baiskeli, mbuzi na wanawake wa makaa ilitoka tupu, kama mji uliohamwa. Yaya alisema anayetembea hupita kabla karatasi haijamshika. Anayebaki ni yule asiyesogea.

Aliyebaki alikuwa mmoja: fundi wa redio wa ng'ambo ya barabara, aliyepondwa mguu mgodini, ambaye alishinda kwenye kiti mbele ya mlango wake. Kwa vile picha ilikuwa kinyume, alitoka mweupe kama unga. Tulipompelekea, alicheka hadi akashika mbavu.

"Hii njo sura ya mufu! Basi mulete bukari ya kilio sasa, nikule nikiwa ningali muzima."

Mke wake hakucheka. Alimpiga begani kwa kitambaa cha jikoni, akamwambia afunge kinywa.

Kila Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji. Mkuu wa mtaa alipita na filimbi, na asiyetoka alikuwa na maelezo ya kutoa. Jumamosi moja tulipelekwa wote kuzibua mfereji wa upande wa soko, mtaa ukabaki bila mtu. Fundi redio alisamehewa kwa ajili ya mguu. Yaya alitega makopo, akachukua jembe, tukaenda.

Tuliporudi kiti kilikuwepo, na makaa ya kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya bado mekundu. Mwenyewe hakuwepo. Mke wake alimwita uani, chooni, kwa majirani, sauti ikipanda kila mlango. Watu walinong'ona kwamba fundi alitengeneza redio vizuri kupita kiasi, zikakamata nchi zisizotakiwa. Wakasema hivyo, wakaingia ndani.

Yaya akajifunika blanketi jikoni, akaziosha karatasi kwenye beseni la kambo. Katika nne za kwanza, fundi kwenye kiti. Katika ya tano, fundi amefifia, na mbele ya mlango kuna ukungu wenye umbo la gari aina ya jeep. Katika ya sita, kiti. Katika ya saba, kiti. Waliomchukua hawakuwemo hata kidogo. Walikuwa na haraka.

"Zitiwe ndani ya moto," kambo akasema. "Hizi zitatuletea bale bantu hapa."

Angezichoma, lakini wakwe wa mke wa fundi walikuwa wamefika kutoka Kambove. Kaka wa fundi hata hakukaa. "Ndugu yetu alichoka na kinywa yako," alimwambia mke wa fundi mbele ya mtaa mzima. "Eko Kolwezi kwa bibi mwingine. Weye rudia kwenu. Batoto tunabeba."

Hapo nikaanza kupatana na kambo, biashara ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikamwambia moto haukimbii. Wakwe waone kwanza, kisha achome. Akataka mlango ufungwe. Nikakubali. Akataka yaya asiseme neno. Nikakubali. Akanitazama sana, akafungua kanga aliyozifungia.

Wakwe na mke wa fundi wakaingizwa kwetu, na yaya akaziachia karatasi kwa kidole gumba mbele yao. Kaka wa fundi akasonya. "Hii ni moshi tu."

Lakini mama wa fundi, mzee aliyekuja nao, aliinama karibu. "Rudia."

Yaya akarudia. Mtu, mtu, ukungu, kiti.

"Ni motokari," yule mzee akasema polepole. "Mutoto yangu hakuenda. Bamemubeba." Akamgeukia mkwe wake. "Kaa hapa karibu yangu, binti. Batoto babaki na mama yao."

Kisha akamwambia yaya: "Sasa anzia nyuma."

Kiti, kiti, ukungu, na fundi akarudi. Akaomba tena, fundi akarudi tena, mweupe, mikono magotini. Mara ya mwisho alikiwekea kidole gumba cha yaya kidole chake, kisiachie zaidi. Akaondoka nazo kifuani, na kambo hakudai moto wake.

Kilio hakikukaliwa, maana nani angethubutu kumlilia? Mke wa fundi alilea watoto wake, wakatawanyika, akazikwa. Kambo amekwenda, yaya alifia Zambia. Ng'ambo ya barabara sasa wanauza saruji. Wakati mwingine nawahesabu waliobaki wanaojua kwamba mtu alikaa pale kwenye kiti. Naanza na mimi. Nahesabu tena, nisije nikawa nimeruka mtu. Naanza na mimi, naishia hapo hapo.