Kuni Nilizozirudisha Getini

Mimi si mtu wa kushangazwa. Wasomaji wa safu hii mnanijua: nilianza na mafuta ya taa kwenye chupa za soda pale Igogo, hapa Mwanza, nikiwa na darasa la saba ambalo hata cheti chake sikukifuata, na leo nina maduka matatu ya sola na gesi, na fundi mwenye digrii ananiita bosi. Nimeibiwa, nimeunguliwa duka, nimezama ziwani nikatoka na viatu vyangu miguuni. Kwa hiyo asubuhi ile simu ilipolia, nikiwa dukani napokea mitungi ya gesi, na sauti ya binti wa mtani wangu ikasema, "Shikamoo baba. Mama ametutoka," nilijibu "Marahaba" kwanza kama siku zote, ndipo neno lenyewe likaniingia, nikakaa juu ya mtungi. Lakini sikushangaa. Mama yule alikuwa anaumwa kifua muda mrefu, na mimi nilikuwa nimemwambia kwa mdomo wangu kitakachompata. Kilichonishangaza kilikuja kesho yake jioni, nyumbani kwake, na ndicho kilichonikalisha niandike.

Jina lake silitaji, ila mtu wa Igogo hahitaji kutajiwa. Alikuwa mama wa mkaa. Mkaa wake ulivuka kutoka upande wa Sengerema, unashushwa kwenye kivuko cha Kamanga, magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita mdomo na kufungwa juu kwa majani, na yeye anasimama pembeni na kitenge chake kisafi kana kwamba anaenda kanisani. Vumbi jeusi halikumgusa nje, likamgusa ndani. Alisomesha wanawe wote kwa mkaa na akajenga nyumba nzuri kule Kiseke kwa mkaa. Kibanda changu cha mafuta ya taa kilikuwa jirani na yadi yake, na tangu enzi hizo tulikuwa watani, si watani wa kabila, watani wa biashara. Nilipoingia kwenye sola, siku ya mawingu ananipigia kelele barabara nzima isikie: "Mtani! Leo jua lako limelala, nikukopeshe kiroba cha mkaa?" Nami namjibu, "Uza mama, uza. Ukimaliza miti utuuzie na kivuli." Watu wanacheka, biashara inaendelea. Hakuna aliyekasirika hata siku moja.

Lipo jambo lake moja ambalo lazima niliseme mapema. Nilipofiwa na mama yangu nilikuwa bado mtu wa chupa. Nimepanga chumba kimoja, sina jina, sina kiti cha kumkalisha mgeni. Nikiwa hospitali nashughulikia mwili, kichwani nilikuwa nawaza aibu moja tu: msiba wangu utakosa watu. Narudi nyumbani nakuta moto mkubwa unawaka uani, magogo yamepangwa, na wanaume wa Igogo wameuzunguka, wengine siwajui hata kwa sura. Mama wa mkaa alikuwa ameleta pikapu nzima ya kuni na kuuwasha kabla sijafika. Moto ule haukuzimika mpaka tulipozika. Pale kwenye moto ndipo mzee mmoja nisiyemfahamu alipotusimulia jinsi mama yangu alivyombeba mtoto wake mgonjwa mgongoni mpaka hospitali, mvua inanyesha, na mimi mwanawe wa kumzaa sikuwahi kulisikia hilo. Baada ya matanga nikamfuata mama wa mkaa na pesa mkononi. Alinitazama kama nimemtukana. "Wewe si umefiwa? Unalipaje sasa? Kuni za msiba ananunua mtu wa nje ya nyumba. Ukilipa mwenyewe umekaa peke yako, na kuota moto peke yako unaweza siku yoyote." Kwa watu wa Igogo desturi ndiyo hiyo mpaka leo, na sikuwahi kuifikiria zaidi ya hapo.

Twende kwenye kongamano. Mwaka jana hapa Mwanza lilifanyika kongamano la kanda la watu wa nishati safi. Walikuja Wakenya, Waganda, Wanyarwanda, na wazungu wenye vitambulisho shingoni. Mahema yalisimama ufukweni, na banda langu lilikuwa la kwanza ukiingia, sikupewa kwa upendeleo, nililipia. Kila mwenye banda alipewa kadi mbili za wageni. Moja nilimpa mke wangu, nyingine nikampelekea mama wa mkaa, maana nilitaka anione nilipofika. Akaja. Akakaa mstari wa mbele, kikohozi chake anakizuia kwa leso.

Nilipopewa kipaza sauti sikusoma karatasi kama wenzangu. Nilisimulia chupa ya soda, nikasimulia maduka matatu, na ukumbi ulipopamba moto nikaapa mbele ya kanda nzima: "Kuanzia leo, shilingi yangu haitanunua kuni wala mkaa mpaka siku ninayozikwa!" Walipiga makofi mpaka hema likatikisika. Makofi hayajaisha, nikaona kitenge kinasimama.

"Mimi nauza mkaa," alisema, "naomba msinipige." Ukumbi ukacheka. "Huyu bwana ni mtani wangu. Jiko lake la gesi nimeliona, ni zuri, linapika haraka, halichafui sufuria. Mimi nina swali moja. Mtu akifiwa, jiko hilo tunalizunguka vipi? Watu watakaa wapi? Mimi nina kifua, nyote mnanisikia. Siku nikifa, wanangu watakaa na nani?"

Wakacheka tena, ila safari hii kicheko kilikatika njiani. Mwenyekiti akasema, "Swali zuri sana, mama. Tumelichukua." Na kweli walilichukua, maana sijaliona tena mahali popote. Tukaenda kunywa chai.

Kwenye chai nikamwambia, "Mtani, umewachekesha wageni wangu."

"Wamecheka wenyewe, mimi sikutania," akanijibu huku anapuliza kikombe. "Wewe umeapa?"

"Nimeapa."

"Basi kuni utanunua. Tena zangu."

"Labda uniroge."

"Nikuroge na nini, mtu mwenyewe huogopi hata mkeo?" Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akaketi. Nikamsogezea maji, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, acha hii kazi. Hiki kifua kitakuondoa." Akanipiga kofi dogo mkononi. "Kitaniondoa. Wewe kumbuka ulichoapa."

Sasa amefariki. Nikasema moyoni, huyu mama moshi umemuua, basi moshi hautakanyaga msibani kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, na wala siionei haya. Kesho yake asubuhi nilifika Kiseke na gari limejaa: majiko makubwa ya gesi, mitungi, taa za sola za kuangaza kiwanja cha mpira, viti na hema. Vyote bure. Kamati ya msiba wakanishangilia, nikawa ndiye msemaji. Binti yake, yule aliyenipigia simu, mwalimu na mama wa watoto, aliniamkia akasema, "Asante baba," akageuka kutazama getini.

Adhuhuri pikapu ikapiga honi getini. Ilikuwa imejaa kuni, na aliyeshuka ni muuza kuni wa Igogo, mtu aliyefanya kazi na marehemu miaka na miaka. "Bosi, kuni za mama hizi."

Nikamwambia, "Rudisha, kaka. Hapa leo ni nishati safi."

"Za msiba, bosi. Zile za kukaa."

"Viti vipo, taa zipo, gesi ipo. Kilichomuua ni moshi, nawe unamletea moshi? Rudisha."

Alimtazama binti wa marehemu. Binti alinitazama mimi, akainamisha macho, maana nilikuwa mkubwa wake na majiko yalikuwa yangu. Yule bwana akapanda gari, akageuza. Wengine waliotaka kuleta kuni walisikia, wakaacha.

Wali uliiva mapema kuliko msiba wowote niliouona. Akina mama walipika hata jasho halijawatoka, macho makavu, wakaosha sufuria kwa kutelezesha mkono. Nilizunguka nikipokea sifa. Watu wakala, wakashukuru, taa zangu zikawaka kabla hata jua halijazama, uwanja ukawa mweupe kama benki. Na hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho sijawahi kukiona. Wanaume waliokuja kulala msibani walisimama katikati ya uwanja wakigeuka huku na huku, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Viti vilikuwa vimepangwa kwa mistari kama vya mkutano, na ukikaa unatazama kisogo cha mwenzako. Mmoja akavuta kiti, akatoa simu. Wa pili akatoa simu. Kisha mmoja akaniaga, "Bosi, nikaangalie nyumbani, nitarudi." Wa pili akakumbuka mgonjwa. Wa tatu hakuaga. Hakuna aliyetaja jina la marehemu, hakuna aliyesimulia kitu. Mwili ulikuwa bado mochwari, tunasubiri ndugu wa mbali, maziko ni keshokutwa, na uwanja wangu mweupe ulikuwa na viti vingi kuliko watu.

Binti yake akatoka ndani na khanga begani. Akasimama karibu yangu, akaviangalia viti.

"Baba, watu wanaondoka."

"Watarudi."

"Hawatarudi, baba. Hawana pa kukaa. Mama alituambia. Alisema tusilete kuni sisi wenyewe, ni mwiko. Alisema wewe utaleta."

Hapo ndipo niliposhangaa, mimi nisiyeshangazwa. Mama yule hakuwa ananitania pale kwenye chai. Alikuwa ananiachia kazi. Katika watu wote wa Mwanza alichagua mtani mmoja mwenye kiapo kikubwa, akawaambia wanawe wamsubiri, na wanawe wakanisubiri mchana kutwa huku mimi nawafukuzia kuni getini.

Nikachukua gari mwenyewe mpaka Igogo. Giza lilikuwa linaingia, muuza kuni yupo, pikapu haijashushwa hata gogo moja, na wenzake wamekaa juu ya magunia kama waliokuwa wananingoja. Nikamwambia, "Kaka, zile kuni."

"Zipi, bosi? Za moshi?"

"Hizo hizo."

Mmoja akadakia kutoka juu ya gunia, "Leo sola imeishiwa chaji!" Kicheko kikaenda mpaka barabarani. Nilikiacha kipite, nilikuwa nimekichuma. Muuza kuni hakucheka. Akasema, "Panda tuondoke, bosi. Chukua bure tu, alikuwa mama yetu sote. Na kiapo chako kitabaki salama, hutakuwa umenunua."

Mlango ulikuwa wazi, nami ni mfanyabiashara, bure sijawahi kuikataa. Lakini nilimkumbuka akinitazama na pesa zangu mkononi. Nikichukua bure, moto ule utakuwa wa muuza kuni, nami nitakuwa nimeleta viti tu. "Hapana," nikasema. "Nauziwa. Bei ya mchana, usipunguze hata senti, na gari nalilipia safari zote, ile niliyoirudisha na hii."

Tuliushusha mzigo mbele ya watu. Nikazima taa zangu mwenyewe, moja baada ya nyingine. Magogo yakapangwa, tukaulizana kiberiti. Mfukoni kwangu hakikuwepo na jikoni majiko yangu yanajiwasha yenyewe, ikabidi nikanunue duka la jirani. Moto ulipokamata, walioondoka wakarudi. Sikumpigia yeyote simu. Waliuona kutoka vichochoroni. Viti vikavunja mistari vyenyewe. Na bila kuombwa, mwanamume mmoja akaanza kusimulia jinsi mama alivyomwachia gunia mwaka aliounguliwa nyumba, mwingine akampokea, na binti yake akasogea karibu na wanaume kusikiliza, mkono shavuni, akisikia habari za mama yake ambazo hakuwahi kuzisikia. Moto ule haukuzimika mpaka tulipompeleka Kamanga, na kivuko kilichomletea mkaa maisha yake yote kikamvusha kumrudisha kwao, upande wa Sengerema.

Msininukuu vibaya. Kesho ukija dukani kwangu nitakuuzia jiko la gesi na nitakusihi ulinunue, maana moshi unaua na mtani wangu umemuua. Sijageuka. Lakini sisi tunaouza kipya tumezoea kuuliza kitu cha zamani kina ubaya gani, tukishajibiwa tunakibeba na kukitupa, bila kuuliza kilikuwa kinafanya kazi gani nyingine pale nyumbani kwa mtu. Moto ulikuwa unapika, sawa, hilo gesi inalifanya vizuri zaidi. Ulikuwa pia unawaita watu, unawakalisha nyuso kwa nyuso na kuwatoa maneno, na kazi hiyo hatujaipatia mtungi. Kongamano lijalo nimeshaalikwa. Nitakwenda na banda langu kubwa, na wakinipa kipaza sauti nitaanza na swali la mama wa mkaa, wasilichukue tena mpaka wamelijibu.

Na kwa wanaoulizana vijiweni kiapo changu kilivunjika kwa shilingi ngapi, nawajibu mwenyewe, maana ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka huu: kuni laki moja na elfu ishirini, gari elfu arobaini na tano, kiberiti mia mbili. Jumla shilingi laki moja, elfu sitini na tano, na mia mbili.